Saanane: Hifadhi Iliyo Mlangoni mwa Jiji

Ukimwomba Mtanzania yeyote akutajie fahari ya nchi yake, hatakawia kuitaja Serengeti, kisha Ngorongoro, kisha Mlima Kilimanjaro. Mwulize tena ni lini aliwapeleka watoto wake huko, nawe utamwona anaanza kutafuta maneno. Si kwamba hapendi. Safari ya Serengeti hudai gari, mafuta, malazi na siku kadhaa za mapumziko, na mzazi mwenye kipato cha kawaida na watoto wanne hawezi kuvikusanya vyote hivyo kwa mara moja. Basi wanyama wa nchi yetu, ambao kila mtoto anafundishwa darasani kuwa ni urithi wake, wamekuwa mfano wa mali iliyofungiwa sandukuni. Tunaambiwa ipo, tunaziona sura za tembo, simba na faru katika noti tunazolipia nauli, lakini mali yenyewe hatujaitia machoni.

Ndugu msomaji, makala haya yanakualika mahali ambapo gari halihitajiki, na ambapo hata ungekuwa nalo lisingekufaa kitu. Mahali penyewe ni Kisiwa cha Saanane, katika Ziwa Victoria, kiasi cha kilomita mbili tu kutoka katikati ya Jiji la Mwanza. Hiki ndicho kilicho kidogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 2.18, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni maji. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Maana yake ni kwamba ungeweza kuzipanga Saanane zaidi ya elfu sita ndani ya Serengeti moja. Lakini Saanane ina jambo ambalo Serengeti haina: mtoto wa Kirumba, wa Igogo au wa Nyakato anaweza kuondoka nyumbani asubuhi baada ya chai, akawaona swala, pimbi na furukombe, kisha akarudi kwao kabla jua halijatua.

JINA LA MTU, SI LA SAA

Wageni wengi, na hata baadhi ya wenyeji, hudhani kuwa kisiwa hiki kilipewa jina kutokana na saa nane ya mchana. Wengine hutunga na hadithi za kulieleza jina hilo, kwamba labda ndiyo saa ambayo boti zilikuwa zikivuka, au kwamba ndiyo saa ambayo mamba hutoka majini kuota jua. Ukweli ni mwingine. Saanane lilikuwa jina la mtu, Mzee Saanane Chawandi, mvuvi aliyegeuka kuwa mkulima, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi kisiwani humo. Katika miaka ya 1960 Serikali ilikichukua kisiwa chake, naye akakipisha, na wanyama wakaingia.

Jambo hili linastahili kukumbukwa na kila anayekanyaga pale. Mara nyingi tunapozungumza juu ya hifadhi tunasema kana kwamba ardhi hizo zilikuwa tupu tangu mwanzo, zikiwangoja simba na watalii. Si hivyo. Karibu kila hifadhi ina watu waliowahi kulima, kuchunga au kuvua ndani ya mipaka yake. Tofauti ni kwamba kwingineko majina ya watu hao yamesahauliwa, lakini hapa jina la mwenyeji limebaki, na limekuwa jina la hifadhi yenyewe. Kila mtoto anayetamka neno Saanane anamtaja mtu aliyeliacha shamba lake. Tutarudi kwenye jambo hili kabla hatujaagana.

KUTOKA BUSTANI HADI HIFADHI

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mjini Arusha tamko juu ya wanyamapori, akaieleza dunia kuwa viongozi wa Tanganyika wanalichukua jukumu la kuwahifadhi viumbe hao kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tamko hilo lisichanganywe na Azimio la Arusha, ambalo ni la mwaka 1967. Ahadi ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na swali ndani yake. Mwananchi atakilindaje kitu asichokijua? Wakati huo wengi waliokuwa wakizuru mbuga kwa starehe walikuwa wageni. Kwa mwanakijiji, tembo alikuwa yule aliyekanyaga mahindi usiku.

Saanane ilikuwa sehemu ya jibu la swali hilo. Mwaka 1964 kisiwa kilifanywa bustani ya wanyama, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza Tanzania. Shabaha yake ilikuwa kuwazoeza wananchi kuwapenda na kuwathamini wanyamapori, na pia kuwapatia watu wa Mwanza mahali pa kupumzikia. Wanyama waliletwa kutoka bara: nyati, pofu, nyumbu, pundamilia, nyamera, pongo, digidigi, swala pala, nungu, kiboko, hata tembo na faru. Hebu fikiri, ndugu msomaji, tembo na faru juu ya nchi kavu isiyofika kilomita moja ya mraba!

Leo hutawaona tena tembo wala faru Saanane, wala usiende ukiwatafuta. Fikra za uhifadhi zimebadilika tangu siku zile. Zamani ilionekana inatosha mnyama akiwapo na watu wakimwona. Sasa tunajua kwamba tembo mmoja huweza kula zaidi ya kilo mia moja za majani na matawi kwa siku, na kwamba kisiwa kidogo hakiwezi kuubeba mzigo huo kwa muda mrefu bila chenyewe kuwa jangwa. Mwaka 1991 Saanane ilitangazwa kuwa pori la akiba, na mwezi Julai 2013 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Wanyama waliobaki ni wale ambao kisiwa kinaweza kuwalisha. Hilo peke yake ni somo ambalo baba au mama anaweza kumweleza mwanawe wakiwa wamekaa juu ya jiwe: kila nyumba ina idadi ya walaji inayoweza kuwatunza.

KUPANDA MIAMBANI

Safari huanzia upande wa Capri Point, kwenye gati la hifadhi. Ukishamaliza malipo utapewa jaketi la kuokolea, na boti itakuvusha kwa dakika chache. Mvalishe kila mtoto jaketi lake na ulifunge mwenyewe. Asije mtu akasema ni mwendo mfupi. Jiji lililowazika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 halihitaji kuelezwa maana ya tahadhari majini.

Ukishuka utapokewa na mawe. Mwanza nzima ni mji wa miamba, na kila mgeni hupigwa picha na lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na gati la Kamanga. Saanane ni miamba ya ukoo huohuo, mawe ya itale yaliyopandana kana kwamba jitu fulani liliyapanga likacheza kisha likaondoka. Watoto watauliza ni nani aliyeyapandisha. Waeleze kwamba hakuna aliyeyapandisha. Yalikuwa chini ya ardhi yakiwa mwamba mmoja wenye nyufa. Maji yalipenya katika nyufa hizo, yakailainisha miamba polepole, kisha mvua za maelfu kwa maelfu ya miaka zikauchukua udongo na kuyaacha mawe magumu yamesimama. Miamba hiyo ina umri unaozidi miaka bilioni mbili. Ziwa lenyewe ni jipya kwa kulinganisha. Wataalamu waliochunguza tope la chini ya Ziwa Victoria wamegundua kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Siku hizo Saanane hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kilima katikati ya nchi kavu.

Njia za kutembelea ni nyembamba, na mwongoza wageni atakutangulia. Si mlima wa kutisha. Mtoto wa miaka sita anaweza kupanda kwa miguu yake mwenyewe ikiwa watu wazima hawatamharakisha, na bibi mwenye fimbo anaweza kubaki kivulini karibu na maji bila kujiona amepunjwa, maana ndege ni wengi kuliko huko juu. Kanuni ni moja: mwendo wa kundi zima uwe mwendo wa yule mdogo kuliko wote.

Wa kwanza kukutana nao watakuwa mijusi. Madume yana kichwa na shingo vyenye rangi nyekundu inayoelekea upinde wa waridi, na kiwiliwili cha buluu. Majike yana rangi ya udongo. Dume akimwona mwenziwe huinua na kushusha kichwa kama mtu anayekubali kila analoambiwa, kumbe anatoa onyo. Sayansi imempa mjusi huyu jina la Agama mwanzae, kwa heshima ya Mwanza. Watoto wengi wa jiji hili huwarushia mawe mijusi hawa bila kujua kwamba vitabu vya dunia nzima vimewaandika kwa jina la mji wao.

Baada ya mijusi ni pimbi. Mtazame vizuri, kwa kuwa watu wengi humpita wakidhani ni panya mkubwa. Si panya. Ukimchunguza mifupa na meno yake, jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu, zikishika jiwe kama mpira, ndiyo maana hupanda mahali ambapo mbuzi angeghairi. Asubuhi hukaa kwa makundi wakiota jua, kwa sababu mwili wake haujui vema kujipatia joto wenyewe. Mmoja hukaa mahali pa juu kama mlinzi, na akiona kivuli cha ndege mla nyama hupiga ukelele na wote hutoweka mianyani. Ile michirizi myeupe utakayoiona kwenye miamba si chokaa. Ni mkojo wao uliokauka, kwa kuwa vizazi na vizazi vyao hutumia choo kimoja.

Ukinyamaza kidogo huenda ukawaona swala pala wakipita kati ya vichaka, na tumbili wakikutazama kwa hila, hasa ukiwa na ndizi mkononi. Wapo pia kima wa De Brazza, wenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa juu ya macho, ambao hifadhi nyingine za taifa nchini hazina. Asili yao ni misitu ya Kongo, Uganda na magharibi ya Kenya. Kima hawa hutofautiana na tumbili kwa tabia: wakihofu hawakimbii bali hutulia tuli, wakategemea kutoonekana. Mwambie mtoto kwamba hapa anayeshinda ni yule atakayetulia zaidi kuliko kima. Utashangaa jinsi ukimya unavyopatikana.

Kileleni, kama inafaa kukiita kilele, upepo wa ziwa hukausha jasho mara moja. Upande mmoja utaliona ziwa lililo kubwa kuliko yote Afrika, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, likigawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Upande wa pili ni jiji, nyumba zikiwa zimepanda vilima na kujibana baina ya mawe. Watoto watatafuta paa la kwao. Hapo ndipo mahali pa kula mlichobeba, na hapo ndipo mahali pa kuyatazama maji yaliyo kati ya kisiwa na mji, kwani habari kubwa ya Saanane imo humo.

KILICHO CHINI YA MAJI

Kila mtu wa Mwanza anawajua furu, wale samaki wadogo ambao watu wazima huwakumbuka kwa mboga ya utotoni. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500, na wengi wao hawakupatikana mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 sangara alipandikizwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali. Wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Ghuba ya Mwanza ndiyo mojawapo ya mahali ambapo msiba huo ulichunguzwa kwa karibu kuliko kwingine.

Hata hivyo, furu wanaoishi kati ya mawe walinusurika zaidi kuliko wale wa maji wazi, kwa kuwa sangara mkubwa hawezi kuingia katika mianya. Kwa hiyo miamba ileile inayowaficha pimbi juu inawaficha furu chini. Maji yanayokizunguka kisiwa ni sehemu ya hifadhi, na uvuvi hauruhusiwi humo, hivyo samaki wanapata mahali pa kuzaliana.

Lakini jiwe haliwezi kuzuia uchafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha jambo la ajabu kuhusu furu wa ziwa hili. Jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakichafuka mwanga hupungua, rangi hazitofautishwi, na aina mbili zilizokuwa mbali huanza kuchanganyika hadi zinakuwa moja. Hakuna aliyewavua, hakuna aliyewala, lakini aina imekwisha. Na uchafu unaotia giza maji ya ghuba hautoki mbali. Unatoka mashambani, viwandani, na katika makaro na mifereji yetu. Sehemu yake hupitia Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji na kumwaga ziwani kila tulichoutupia.

Hivyo basi hifadhi hii ndogo haiwezi kulindwa na askari wake peke yao. Askari anaweza kumzuia mvuvi haramu. Hawezi kuuzuia mfereji wa Mabatini. Serengeti ina upana wa kuyavumilia mengi, lakini Saanane ina jirani mmoja tu, naye ni sisi. Mtoto aliyekaa juu ya jiwe akaona kwa macho yake jinsi maji ya mji yanavyofika kisiwani hahitaji kuhubiriwa juu ya kutupa taka mferejini.

KABLA HAMJAONDOKA NYUMBANI

Yafaa kusema machache juu ya matayarisho. Nendeni asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri, jua likiwa limepungua. Mchana mawe huwaka na wanyama hujificha. Vaeni viatu vyenye soli inayoshika, kandambili huteleza. Bebeni maji ya kunywa, kofia na chakula kisichohitaji kupakuliwa: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Mvitie katika kikapu, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na mrudi na maganda na chupa zenu zote.

Watoto wasichezee maji ukingoni. Wapo mamba na kenge, na ukiacha hao, maji ya pembezoni mwa Ziwa Victoria yana kichocho, ambacho hakihitaji meno ili kukudhuru. Msiwalishe tumbili, tumbili aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya. Ada ya Mtanzania hulipwa kwa shilingi, nayo ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa nchi za nje. Ulizeni mapema kiasi na njia ya kulipa, msije mkakwama getini. Na kama mnaweza, ungeni familia mbili au tatu mgawane gharama ya boti.

Penye miti, walisema wahenga, hapana wajenzi. Wapo watu waliozaliwa Mwanza, wakasoma, wakaoa na kuzeeka, wakikiona Saanane kila siku kutoka barabarani bila kukikanyaga, huku mgeni wa siku mbili akivuka na kamera yake. Jambo hilo si haki, na hapa ndipo tunaporudi kwa Mzee Saanane. Kisiwa chake hakikuchukuliwa ili kijengwe hoteli wala jumba la mkubwa. Kilichukuliwa mwaka 1964 ili watoto wa wavuvi, wa wakulima na wa wafanyakazi wapate mahali pa kuwaona viumbe wa nchi yao. Shamba la mtu mmoja lilitolewa kwa niaba ya watoto wa wote. Watoto wasipokwenda, basi mzee yule alihamishwa bure.

Ndugu msomaji, ikiwa u mkazi wa Mwanza, itenge Jumapili moja mwezi huu. Ikiwa unaishi mbali, ulizia msitu au kisiwa kilicho karibu nawe kinachoruhusu watu kutembea kwa miguu. Si lazima kiwe na simba. Waite watoto mezani usiku wa kuamkia safari, waeleze Mzee Saanane Chawandi alikuwa nani, na asubuhi muwahi boti ya kwanza.